UZI: Maeneo ya utafiti ndani ya idara ya baiolojia, angalia kazi ya mikono kabla hujaangalia jina

#1 mzizi_mkuu

Wakuu habari za saa hizi. Kwa muda sasa inbox yangu imejaa maswali yanayofanana, "mkuu niko mwaka wa mwisho baiolojia nataka uzamili niingie eneo gani", mwingine "eti jenetiki na ikolojia kipi bora", nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja nifungue uzi niseme yote hapa, hata atakayekuja mwakani aukute. Mimi nimekaa ndani ya idara ya baiolojia miaka kumi na moja, toka shahada ya kwanza mpaka nimemaliza uzamivu na sasa naendelea na utafiti, nimepita maabara tatu na moja kati ya hizo niliichagua vibaya kabisa, nitaeleza mbele.

Naanza na ninachokiamini alafu mtanipinga. Watu wengi wanachagua eneo kwa jina. Jina likisikika la kisasa wanalikimbilia. Lakini jina halikuamshi alfajiri, kinachokuamsha ni kazi: unashika nini, unahesabu nini, unamtunza kiumbe gani, unasubiri siku ngapi ndo ujue jaribio limekubali au limekataa. Kwahiyo ukiniuliza niingie eneo gani na mimi nakuuliza, ni kazi gani unaweza kuirudia kila siku miaka minne mfululizo na bado ukaipenda?

Ramani ya idara yenyewe sio ngumu. Nyingi zimegawanywa kwa ukubwa wa kitu kinachoangaliwa. Chini kabisa kuna watu wa molekuli, hao ni DNA, RNA na protini. Wanafuata watu wa seli na ukuaji wa kiinitete, kisha fiziolojia na mfumo wa neva, kisha tabia za wanyama, ikolojia, mageuzi ya viumbe. Mikrobiolojia, mimea na taksonomia (kazi ya kuainisha spishi na kuzipa majina) zinakatiza humohumo, na siku hizi baiolojia ya kompyuta imepenya kila chumba. Vyuo vingine vimeigawa idara kabisa, molekuli na seli kivyao, ikolojia na mageuzi kivyao, na vingine bado wako na mtindo wa zamani wa botania, zoolojia na mikrobiolojia. Ndo maana nawaambia watu wasitafute nafasi kwa jina la idara. Mtu anayesoma mageuzi ya virusi unaweza kumkuta amekaa idara ya zoolojia na hakuna aliyekosea.

#2 mzizi_mkuu

Naendelea. Nianze na molekuli maana ndio mnaiulizia zaidi.

Kazi yake ukiitazama kwa karibu iko hivi. Kila kitu ni maji yasiyo na rangi. Unavuta kwa pipeti maikrolita mbili za maji yasiyo na rangi unaziweka kwenye kitubu chenye maikrolita kumi na nane za maji mengine yasiyo na rangi, unachanganya, unafunga, mashine inapasha na kupoza kwa zaidi ya saa nzima, alafu unapakia kwenye jeli unapitisha umeme, unaenda kuangalia kama kuna mstari mahali ulipotegemea. Mstari ukiwepo siku yako imenyooka. Usipokuwepo hujui kosa liko wapi, maana hakuna ulichokiona kwa macho toka asubuhi. Wapo watu wanaipenda sana hali hii, wanaifikiria kama fumbo, na hao ndio wanaofaa. Mimi sikua mmoja wao ila niliingia kwa sababu "molekuli" ilisikika vizuri.

Nilipewa jeni moja niiingize kwenye bakteria E. coli. Kazi ya kawaida, ilitakiwa ichukue mwezi. Ikachukua miezi kumi na nne. Kila asubuhi nafungua inkyubeta natoa kisahani, aidha ni kitupu au kina koloni chache (vidoa vya bakteria waliozaliana) ambazo nikizisoma naikuta jeni imevunjika katikati. Nikabadilisha vimeng'enya, nikabadilisha maji, nikabadilisha hadi pipeti. Siku moja jirani yangu wa mikrobiolojia alikuja kuazima sentrifyuji akaona visahani vyangu juu ya meza, akachukua kimoja akakiinua kwenye mwanga akauliza "mbona koloni zako ndogo hivi, hawa bakteria wanaumwa?" Hilo tu. Kumbe protini inayotoka kwenye ile jeni ilikua sumu kwa bakteria wenyewe, kila aliyeibeba nzima alikufa, waliopona ni wale ambao jeni iliwavunjikia. Tukaiwekea swichi inayoizima kabisa mpaka bakteria waongezeke kwanza ndo tuiwashe. Baada ya wiki tatu ilikua imekubali.

Niliumia sana, sio kwa sababu ya kukwama, kukwama ni kawaida. Niliumia kwa sababu kwa miezi yote hiyo msimamizi wangu hakuwahi kuja mezani kukitazama kisahani hata mara moja, tulikua tunaongea kwa slaidi kila Ijumaa. Jibu lilikua linaonekana kwa macho na lilihitaji mtu anayewajua bakteria kama viumbe hai, sio kama chupa za kuhifadhia DNA.

#3 mwaka_wa_mwisho

Mkuu mzizi shukrani sana, mimi ni mmoja wa waliokusumbua inbox. Swali langu, mbona wanasema molekuli ndio ina hela ya utafiti na ajira? Na ikolojia naambiwa ni kutembea tu porini na kamera. Niko njia panda kati ya jenetiki na ikolojia na nimebakiza miezi michache kuamua, naombeni mawazo ya kweli.

#4 nyayo_za_matope

Naomba nijibu hilo la kutembea na kamera maana limenigusa. Mimi ni mtu wa ikolojia mwaka wa tisa huu.

Kazi yangu ni fremu ya mita moja kwa mita moja. Unaiweka chini, unapiga magoti, unahesabu kila mche ulio ndani, unapima urefu wake kwa milimita, unaangalia majani yaliyoliwa na yasiyoliwa, unaandika, unahamisha fremu, unapiga magoti tena. Fremu mia mbili na arobaini. Alafu unarudi baada ya miezi mitatu kuhesabu miche ileile, kila mmoja una kibati chake chenye namba, mingi imekufa na wewe lazima ujue imekufa kwa nini. Ikinyesha unaandika kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa. Usiku unaingiza data kwenye kompyuta kabla hujalala kwa sababu kesho hutaweza kusoma mwandiko wako wa leo. Mwaka wa kwanza nilidhani nimekosea maisha, mwaka wa pili nikaanza kuuona msitu unavyotembea, yaani unaona kabisa huu upande mti fulani unashindwa na ule upande unashinda, na hakuna mtu mwingine duniani anayejua hilo zaidi yako.

Na msidhani sisi tunaangalia tu. Miaka ya 1960 Robert Paine alikua anaenda ufukwe wa mawe kwenye jimbo la Washington kule Marekani, anabandua viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota wanaokula kome, mmoja mmoja kwenye mwamba anawarusha baharini, mara kwa mara bila kukosa. Upande wa pili wa mwamba hakugusa. Kule alikowaondoa kome walijaa wakawasukuma wenzao, spishi alizokua anazifuatilia zikashuka kutoka 15 hadi 8, eti kwa sababu ya kumtoa mla kome mmoja tu. Aliandika 1966, na kutoka hapo ndipo likaja wazo la spishi moja inayoshikilia jamii nzima ya viumbe. Vifaa vyake vilikua mikono, chuma cha kubandulia na nidhamu ya kurudi. Huo nao ni utafiti wa majaribio sawasawa na wa maabara, una upande uliobadilishwa na upande ulioachwa.

#5 mzizi_mkuu

Nyayo umesema kweli tupu na nakushukuru. Naomba niongeze hapo kwenye hela, maana ndugu yetu kauliza.

Ndio, maeneo yanayogusa magonjwa ya binadamu kwa kawaida yana mafungu makubwa. Sitamdanganya mtu. Lakini angalia vifaa ambavyo hao hao wa molekuli wanavitumia kila siku vilitoka wapi. Ile mashine niliyoisimulia ni ya PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi, inapasha DNA hadi nyuzijoto 95 ili nyuzi zake mbili ziachane. Mwanzoni kimeng'enya cha kunakili kilichotumika kilitoka kwa E. coli, na joto hilo lilikua linakiua, kwahiyo kila mzunguko mtu anafungua kitubu anaongeza kingine. Kilichookoa kazi ni kimeng'enya cha bakteria Thermus aquaticus, ambaye Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimpa jina mwaka 1969 baada ya kumtoa kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone. Brock hakua anatafuta dawa wala mashine. Alikua mtu wa ikolojia ya vijidudu, alitaka kujua uhai unavumilia joto mpaka wapi basi. Wazo la PCR lenyewe lilikuja 1983 kwa Kary Mullis, Nobel akapewa 1993, lakini bila wale bakteria wa maji moto lingebaki kazi ya kuchosha.

Kuna na ile protini ya kijani inayong'aa, mnaiona kwenye kila picha ya seli siku hizi. Osamu Shimomura aliitoa kwenye yavuyavu wa baharini mwaka 1962, maelfu ya yavuyavu waliokusanywa kwa nyavu za mkono, na swali lake lilikua moja tu, huyu mnyama anawakaje. Nobel ilikuja 2008. Kati ya hapo ni miaka 46. CRISPR, ule mkasi wa kukata na kuhariri DNA, vilevile, mmoja wa walioona ile mifuatano ya DNA inayojirudia na akashikilia kutafuta maana yake ni Francisco Mojica wa Hispania, akiwa anasoma vijidudu vinavyoishi kwenye maji ya chumvi kali. Ndipo mwaka 2012 Charpentier na Doudna wakaonyesha jinsi ya kuufanya mfumo ule ukate DNA mahali unapotaka, na Nobel yao ni ya 2020.

Sisemi kila anayesoma yavuyavu atapata Nobel. Nasema ukuta kati ya eneo "lenye hela" na eneo "la porini" umechorwa na wanaosoma majina mlangoni, ndani ya vyumba watu wanaazimana kila siku.

#6 kijani_daima

Kama kuna kitu kinaniuma kwenye idara za baiolojia ni jinsi mimea inavyowekwa mwisho. Kozi ya mimea inakua ya kujazia, mwanafunzi akisema anataka mimea wenzake wanamuonea huruma. Ngoja niwakumbushe. Neno seli lenyewe lilitoka kwenye kipande cha gome la mti ambalo Robert Hooke alilitazama kwa hadubini, kitabu chake ni cha 1665. Sheria za urithi, njegere za Mendel, 1866. Virusi wa kwanza kabisa kutambulika ni wa ugonjwa wa tumbaku, Ivanovsky 1892 alafu Beijerinck 1898. Jeni zinazoruka kutoka sehemu moja ya kromosomu kwenda nyingine, Barbara McClintock aliziona kwenye punje za mahindi zenye madoa, miaka ya 1940, watu wengi hawakumwelewa, Nobel akaipata peke yake 1983 akiwa na miaka zaidi ya themanini.

Na hii ya mwisho ndio naipenda kuliko zote. Mwaka 1990 watafiti waliongeza jeni ya rangi kwenye maua ya petunia ili zambarau ikolee, maua mengine yakatoka meupe! Umeongeza jeni ya rangi na rangi imepotea. Wengine wangesema jaribio limeharibika wakatupa. Waliandika walichokiona, na miaka nane baadaye Fire na Mello wakaonyesha kwenye minyoo kwamba RNA ya nyuzi mbili inazima jeni, Nobel 2006, na sasa hivi kuna dawa za binadamu zinazofanya kazi kwa njia hiyo. Kwahiyo mtu akiniambia mimea haina sayansi kubwa nampeleka kwenye lile ua jeupe.

#7 mwaka_wa_mwisho

Kijani hiyo ya petunia sikuwahi kufundishwa kabisa aisee. Sasa mzizi umesema ulipita maabara tatu, hizo nyingine ulifanya nini? Na kwanini kila maabara wana kiumbe kimoja tu, hawa nzi hawa minyoo, hawachoki?

#8 mzizi_mkuu

Swali zuri sana hilo na kwangu mimi ndio moyo wa uzi wote.

Baada ya molekuli nilihamia kwa watu wa minyoo. Mnyoo mwenyewe anaitwa C. elegans, urefu milimita moja, anapita mwanga kama kioo, toka yai hadi mtu mzima anayetaga ni kama siku tatu. Sydney Brenner alimchagua miaka ya 1960 kule Cambridge kwa sababu hizohizo. Aliyekomaa wa ile aina yenye jinsia mbili kwa pamoja ana seli 959 za mwili, sio zaidi sio pungufu, na 302 kati yake ni za neva. John Sulston na wenzake walizifuatilia zikigawanyika moja baada ya nyingine, mtu amekaa kwenye hadubini anachora kwa mkono nani kazaa nani, na katika kufuatilia huko ikaonekana kuna seli 131 ambazo hufa kila mara, wakati uleule, mahali palepale. Yaani kufa kwa seli ni sehemu ya mpango wa kuujenga mwili. Nobel 2002, Brenner, Sulston na Robert Horvitz, na utafiti wa saratani ulifaidika sana kwa kuelewa hilo, maana seli ya saratani mara nyingi ni seli iliyokataa kufa.

Kazi ya mkono sasa. Una waya mwembamba wa platinamu, ncha umeipigapiga ikawa bapa kama kasia. Unaipitisha kwenye moto mpaka iwe nyekundu, unasubiri sekunde chache ipoe, unagusa ile ncha kwenye bakteria waliotandazwa juu ya aga (ute ulioganda kwenye kisahani), wananata kama gundi, alafu unamshusha taratibu kwa mnyoo unayemtaka, anashika kwenye gundi, unainua, unamweka kwenye kisahani kipya na kusubiri ateleze mwenyewe aondoke kwenye waya. Ukikandamiza unatoboa aga na minyoo wanaingia chini kwenye tundu huwaoni tena. Wiki ya kwanza niliwaua wengi. Mwezi wa pili nilikua nahamisha mia moja kwa nusu saa na sikutaka mtu aniite. Pale ndipo nilijua niko mahali pangu. Namuona mnyama, anatembea, akiumwa namuona anaumwa. Mtu yuleyule niliyekua navuta miguu kwenda maabara ya kwanza nilianza kwenda Jumapili bila kuambiwa.

Kuhusu kiumbe kimoja, sio kwamba wamekosa wengine. Kiumbe kinachaguliwa kwa sababu kinarahisisha swali. Hodgkin na Huxley walitaka kujua umeme unapitaje kwenye neva, wakamchukua ngisi kwa sababu ana neva moja nene inayofika upana wa milimita moja, unaingiza waya ndani yake kabisa, kwenye neva za kawaida hilo haliwezekani. Walichokiandika 1952 ndicho kinachofundishwa hadi leo na kinafanya kazi kwa neva zako wewe unayesoma hapa. Nzi wa matunda naye Thomas Hunt Morgan alimfuga chuo kikuu cha Columbia, kizazi kama siku kumi tu, jozi nne za kromosomu, na 1910 akamkuta dume mmoja mwenye macho meupe katikati ya wenye macho mekundu. Kupitia huyo mmoja ikajulikana jeni inaweza kukaa kwenye kromosomu ya jinsia.

Kwahiyo ukichagua maabara unachagua pia mnyama au mmea utakaoishi nao, na muda wake wa kuzaa ndio utakua saa yako. Mtu wa bakteria anapata jibu kesho, wa nzi baada ya wiki mbili, wa panya anahesabu miezi, wa miti kama nyayo hapo juu anahesabu miaka. Jiulize unaweza kusubiri kiasi gani. Hakuna kozi inayokufundisha hilo na linavunja watu wengi kuliko ugumu wa masomo.

#9 jangwa_la_data

Mmesahau sisi tusio na kiumbe, baiolojia ya kompyuta. Niseme kifupi. Wengi wanakuja kwetu wakidhani wanakimbia kazi ya mikono. Sehemu kubwa ya muda wangu ni kusafisha data za watu wengine, sampuli iliyoandikwa jina moja mara tatu kwa tahajia tatu, dume lililoandikwa jike. Mfano ambao kila mtu wa fani yetu anaujua, kulikua na jeni zinaitwa SEPT2 na MARCH1, ukifungua jedwali kwenye Excel inakugeuzia kuwa tarehe, moja inakua Septemba na nyingine Machi. Makosa hayo yaliingia hadi kwenye machapisho mengi mpaka kamati ya majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe, 2020 ikatoa mwongozo, sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Wanasayansi walibadilisha jina la jeni kwa sababu ya programu ya majedwali.

Na hata AlphaFold, programu ya akili bandia iliyotabiri maumbo ya protini na kuwapa Hassabis na Jumper Nobel ya 2024 ilijifunza kutoka kwenye maumbo yaliyopimwa na watu wa maabara kwa miongo mingi, fuwele moja baada ya nyingine. Kwahiyo ukija kwetu njoo na swali la baiolojia mkononi, kuandika programu utajifunza. Anayekuja na ujuzi wa programu bila swali anakua fundi wa wenzake.

#10 mwaka_wa_mwisho

Nawasoma wote. Swali la mwisho kutoka kwangu, mageuzi. Napenda sana lakini nashindwa kuelewa mtu anafanyaje utafiti wa kitu kinachochukua mamilioni ya miaka ndani ya uzamili wa miaka miwili.

#11 nyayo_za_matope

Hauhitaji mamilioni. Peter na Rosemary Grant walianza 1973 kwenye kisiwa kidogo cha Daphne Major huko Galápagos, wakawavisha ndege pete miguuni na kuwapima midomo. 1977 ukaja ukame mkali, mbegu ndogo laini zikaisha, zikabaki kubwa ngumu, wenye midomo minene ndio waliopona zaidi, na watoto wao wakazaliwa na midomo minene. Mwaka mmoja tu huo na mabadiliko yanapimika kwa rula.

Na maabara kuna Richard Lenski, Februari 1988 alianzisha koo 12 za E. coli kutoka bakteria mmoja. Kila siku, sikukuu na siku za kawaida, asilimia moja ya kila chupa inahamishiwa chupa mpya. Inakua vizazi kama sita na nusu kwa siku. Kila baada ya vizazi 500 wanagandisha sampuli kwenye friza, hai. Ilipofika vizazi 31,000 na kitu ukoo mmoja kati ya 12 ukaanza kula sitreti (chumvi ya asidi ya limau) mbele ya oksijeni, kitu ambacho E. coli kwa kawaida hawezi. Wakafanya nini? Wakarudi kwenye friza wakayeyusha mababu wa ukoo ule wakawaanzisha upya, kuona kama historia itajirudia. Ikaonekana waliotoka vizazi vya baadaye ndio walioweza kuirudia, maana yake kulikua na mabadiliko ya awali yaliyofungua njia. Yaani unawafufua mababu na kuwauliza! Mtu wa uzamili hapo anaweza kuchukua ukoo mmoja na swali moja na akamaliza kwa wakati.

#12 sanduku_la_sampuli

Mimi ni wa hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, nimechelewa kuuona uzi. Jambo moja tu. Kila mlichosimulia hapo juu kina jina la spishi, na jina hilo kuna mtu alilisimamia. Mmea unabanwa katikati ya magazeti, unabadilishiwa gazeti kila siku mpaka ukauke, unashonwa kwenye karatasi ngumu, na lebo yake inasema nani kaukata, lini, wapi, kwenye kimo gani, ua lilikua rangi gani likiwa bichi, maana likikauka rangi inapotea. Karatasi ya miaka mia mbili iliyopita leo inatolewa DNA. Inaonyesha mmea ulichanua tarehe gani enzi hizo, ukilinganisha na sasa unaona tabianchi inavyousukuma. Watu wa taksonomia wanastaafu na nafasi zao hazijazwi, alafu spishi zilizobaki bila jina ni nyingi kuliko zenye jina. Kama kuna kijana hapa mwenye jicho la kutofautisha vitu vidogo na subira ya kuandika lebo vizuri, tunakuhitaji kweli kweli.

#13 mzizi_mkuu

Sanduku nashukuru, hilo la lebo litashika kila mahali, sio hebaria peke yake.

Mwaka wa mwisho, nakupa cha kufanya wiki hii. Usisome tena tovuti za idara. Waandikie watu wawili, mmoja wa jenetiki mmoja wa ikolojia, omba ukae nao siku nzima kila mmoja, sio saa moja ya kutembezwa. Kaa na mwanafunzi, sio profesa. Muulize mara ya mwisho msimamizi alisimama lini mezani kwake akatazama anachofanya. Muulize aliyetangulia alimaliza baada ya miaka mingapi na yuko wapi. Omba kuona daftari la maabara, la mtu yeyote, na uangalie kama wewe mgeni ungeweza kurudia jaribio lake kwa kulisoma. Omba kufungua friza uone kama sampuli zina majina. Alafu omba ufanye kazi yao wewe mwenyewe, ile ya kuchosha kabisa, masaa mawili.

#14 mwaka_wa_mwisho

Wakuu nimerudi, imepita wiki mbili. Nilienda kote kuwili. Kwa watu wa ikolojia nilihesabu miche na fremu kama nyayo alivyosema, nilifika fremu kumi na tisa magoti yakakataa, ila sio magoti, niligundua akili yangu ilikua inahama, nahesabu huku nawaza vingine. Kwa watu wa nzi walinipa hadubini, kile kibao chenye vitundu kinachotoa hewa ya kuwalaza usingizi, na brashi ndogo, nikawa natenganisha dume na jike. Mwanzoni nawaona wote sawa. Baada ya muda nikaanza kuona ncha ya tumbo la dume ilivyo nyeusi na duara, alafu nikaona kile kichana kidogo cheusi kwenye mguu wa mbele ambacho dume tu ndio anacho, na kutoka hapo sikutaka kuamka. Katikati nikamkuta mmoja bawa lake moja limejikunja, nikamwita yule dada wa uzamivu, akaja akatazama, na profesa naye akavuta kiti akatazama, tukakaa watatu tunamjadili nzi mmoja. Ameniambia tumtenge tumzalishe tuone kama ni urithi au aliumia tu akitoka kwenye ganda.

Nimewaambia narudi Jumatatu. Wamenipa chupa ishirini za nzi nizihamishe mwenyewe, na ya ishirini na moja ni ya huyo mwenye bawa.

#15 mzizi_mkuu

Hongera sana mdogo wangu, nimefurahi mpaka nimesoma mara mbili. Hiyo ya ishirini na moja mpe jike ambaye hajawahi kukutana na dume, kama yeye ni dume, majike hao wakusanye ndani ya saa chache baada ya kutoka kwenye ganda, maana jike akishapandwa anahifadhi mbegu na hutajua watoto ni wa nani. Kizazi cha kwanza kikitoka na mabawa yaliyonyooka usikate tamaa, wazalishe wao kwa wao uone kizazi cha pili, kuna mabadiliko yanajificha kizazi kimoja. Na kila chupa andika tarehe na jina la ukoo ubavuni mwa chupa, usiandike kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana wakati wa kuhamisha.